Dirisha Lisilojibu

Kila msimu wa kuingiza matokeo ya mitihani unapofika, mimi hubandika kipande cha karatasi pembeni mwa skrini ya kompyuta yangu. Kina maneno mawili tu: "Subiri. Tazama." Wahadhiri wenzangu hunitania kwamba ni dua ya kuomba umeme usikatike. Hucheka nao, kisha mazungumzo yakageukia mambo mengine. Kisa cha karatasi ile sijapata kukieleza hadharani. Nimeamua kukieleza leo kwa sababu mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani kwa nini hukunja uso kila nisikiapo mtumishi wa umma akimwambia mwananchi, "Mfumo ndivyo unavyoonyesha." Siku ile nilimjibu kwa ufupi. Jibu refu ni hili.

Mwaka 2008 nilikuwa mhadhiri kijana, na idara yetu ilikuwa na kompyuta moja ya kuingizia matokeo. Ilitumia Windows XP, na juu yake ilisimikwa programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo, iliyokuwa ikiwasiliana na kompyuta kuu katika jengo jingine. Tulipangiana zamu. Yangu iliangukia alasiri ya siku ya mwisho, nikiwa na somo lenye wanafunzi zaidi ya mia moja, na mlangoni mwenzangu mmoja akisubiri huku akitazama saa yake. Nilikuwa nimekaribia mwisho wa orodha nilipobonyeza kitufe cha kuhifadhi, na dirisha likaganda. Nikabonyeza Enter. Kimya. Nikabonyeza tena, mara tatu au nne, haraka haraka, kama mtu apigaye hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamo ndani.

Kilichofuata, kila aliyetumia kompyuta za zama zile atakikumbuka. Nilikuwa nimefungua kikokotoo pembeni. Nikakikokota juu ya dirisha lile lililoganda, na kila kilipopita kiliacha sura yake nyuma, moja juu ya nyingine, kama karata zilizotandazwa mezani. Nilitabasamu. Punde dirisha zima likawa jeupe, na kwenye ukingo wake wa juu yakatokea maneno ya kuarifu kwamba programu haijibu. Nikangoja. Baada ya dakika moja hivi programu ikazinduka. Kitu mfano wa kivuli kikapita katikati ya skrini, kwa kasi ambayo jicho halikuweza kukisoma, kisha orodha ya wanafunzi ikajichora upya, safi na iliyopangika. Nikamalizia majina yaliyosalia, nikampisha mwenzangu kiti, nikaenda zangu nyumbani.

Wiki kadhaa baadaye, matokeo yalipobandikwa, binti mmoja wa mwaka wa tatu alikuja ofisini kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Mwalimu, kwenye somo lako nimeandikiwa kwamba sikufanya mtihani. Nami nilifanya."

Nilifungua kompyuta, nikatafuta namba yake ya usajili, nikaona mahali pa alama pana kistari kitupu. Nikamgeuzia skrini ajionee mwenyewe. Kisha nikatamka maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka usiku hunikosesha usingizi: "Binti yangu, mfumo ndivyo unavyoonyesha."

Hakubishana. Aliniomba tu niangalie tena. Nilimwambia aandikie ofisi ya mitihani, naye akaandika. Ofisi ya mitihani ikafungua mfumo ule ule, ikaona kistari kile kile, ikamjibu kwa barua yenye mhuri kwamba kumbukumbu zinaonyesha hakufanya mtihani. Akarudi kwangu mara ya pili, safari hii akilitaja jina la msimamizi aliyempa karatasi ya kusaini mahudhurio. Ndipo nikaona haya, nikachukua ufunguo, nikafungua kabati la chuma ambalo tangu siku ya kwanza lilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye kiti changu. Kitabu chake cha majibu kilikuwemo. Juu yake, kwa wino mwekundu na kwa mwandiko wangu mwenyewe, alama yake ilikuwa imeandikwa: 61.

Alama ilirekebishwa, lakini orodha ya wahitimu ilikuwa imekwisha kupitishwa. Katika mahafali ya mwaka ule hakuwamo. Nilikuja kusikia baadaye kwamba mama yake alikuwa amekwisha kushonesha nguo ya siku ile. Alihitimu mwaka uliofuata, na nafasi ya kazi aliyokuwa akiisubiria cheti ilikuwa imepata mwingine.

Nilimwendea fundi wa kitengo cha kompyuta nikiwa nimefura, nikitaka anitajie mtu aliyeifuta alama ile. Alifungua kumbukumbu za matukio katika kompyuta kuu, akasoma, akanyamaza kidogo. "Aliyefuta ni wewe, Mwalimu," akasema kwa upole. "Na uliulizwa kwanza. Hapa imeandikwa kwamba ulithibitisha." Nikaapa kwamba sikuulizwa kitu. Akaniuliza kama siku ile dirisha liliganda, na kama nilibonyeza Enter zaidi ya mara moja. Nilipokubali, akanivutia kiti, akanifundisha kwa nusu saa jambo ambalo limebadilisha namna ninavyoiona kompyuta, na pia namna ninavyoiona serikali.

Sisi tusio mafundi hudhani kwamba dirisha la kompyuta ni kitu, mfano wa karatasi iliyolala chini ya karatasi nyingine: ukiondoa ya juu, ya chini utaikuta na maandishi yake. Sivyo. Kwa sehemu kubwa ya historia ya kompyuta za mezani, chini ya dirisha la juu hapakuwa na kitu. Skrini ilikuwa ubao mmoja tu. Kidirisha kilipotokea juu ya dirisha, kilichorwa juu ya picha ya dirisha lile, na picha ile ikapotea. Kidirisha kilipofungwa, mfumo endeshi haukuwa na picha ya kurudisha. Uliweza tu kuiambia programu yenye dirisha lile: sehemu yako kadhaa imefunuliwa, ichore upya.

Sababu yake ilikuwa umaskini wa kumbukumbu. Kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Skrini yake ilikuwa na nukta 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe, na picha moja ya skrini nzima ilichukua karibu kilobaiti 22, yaani sehemu moja katika sita ya kumbukumbu yote. Kumhifadhia kila mwenye dirisha picha yake ya akiba ingekuwa anasa isiyolipika. Ikawa nafuu kuitaka kila programu itunze habari zake yenyewe na iwe tayari kujichora upya wakati wowote itakapotakiwa.

Kazi hiyo si nyepesi, maana eneo lililofunuliwa mara nyingi huwa na umbo la ajabu: pembe ya dirisha hili, ukingo wa lile, na shimo katikati. Bill Atkinson, aliyeandika programu ya uchoraji ya Macintosh, alikuwa miongoni mwa watu wa Apple waliotembelea maabara ya Xerox huko California mwaka 1979. Amesimulia kwamba aliondoka akiamini amewaona wenyeji wake wakichora upya sehemu tu ya dirisha lililofunikwa nusu, akahangaika mpaka akagundua njia ya kufanya hivyo kwa haraka. Baadaye akaja kujua kwamba wale wa Xerox hawakuwa na njia hiyo. Alikuwa amevumbua kitu kwa kudhani kwamba wengine wanacho. Microsoft, kwa upande wao, walipotoa Windows ya kwanza mwaka 1985 waliyapanga madirisha ubavu kwa ubavu kama vigae. Vidirisha vya mazungumzo tu na vinavyofanana navyo ndivyo vilivyoruhusiwa kukaa juu ya vingine. Madirisha ya kawaida yakapewa ruhusa ya kupandana mwaka 1987. Hizo picha tulizozizoea machoni ziliundwa, tena kwa jasho. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa tuje kwenye foleni, maana ndimo nilimoangukia. Kila programu ya Windows yenye madirisha huwa na foleni ya ujumbe. Kubonyeza kitufe ni ujumbe, kusogeza kipanya ni ujumbe, na ombi la kuchora nalo ni ujumbe, ambao mafundi huuita WM_PAINT. Programu huchukua ujumbe mmoja mmoja, huushughulikia, kisha huchukua unaofuata. Dirisha linapoganda, maana yake ni kwamba programu imeng'ang'ania jambo moja na hairudi kwenye foleni. Kule nyuma ujumbe unaendelea kurundikana, na hakuna mchoraji. Ndiyo maana kikokotoo changu kiliacha nyayo: mfumo ulikuwa ukiiomba programu ifute na kuchora upya kila kipande kilichofunuliwa, na ombi halikuwa na msikilizaji.

Lakini fundi alisisitiza jambo moja kuliko yote. Katika foleni ile, ombi la kuchora huwekwa nyuma ya amri na vitufe vya mtumiaji. Mfumo hulitoa pale tu ujumbe mwingine wa namna hiyo unapokuwa umekwisha. Kwa mashine, mpango huu una busara. Maeneo yaliyofunuliwa hujumlishwa pamoja, na programu huchora mara moja badala ya mara kumi. Tatizo ni kwamba vitufe nilivyovibonyeza wakati wa kimya vilikuwa mbele ya mchoro.

Basi jambo lilikwenda hivi. Programu ilipozinduka ilikuta hitilafu kwenye rekodi ya yule binti, iliyoingia nusu kwa sababu mawasiliano yalikatika. Ikafungua kidirisha cha mazungumzo kuniuliza kama rekodi ile iondolewe, na kitufe kilichotangulizwa kilikuwa cha "Ndiyo". Kabla kidirisha hakijapata zamu ya kuchorwa, Enter zangu zilizokuwa zikisubiri zikakifikia. Ya kwanza ikajibu, "Ndiyo." Kidirisha kikafungwa. Windows ya wakati ule ilikuwa pia na ukarimu mmoja kwa vidirisha vidogo: iliweka akiba ya picha ya kile kilicho chini yake, ili kidirisha kikifungwa picha irudi papo hapo bila kuisumbua programu. Kwa hiyo hakikuacha hata doa. Swali liliulizwa na likajibiwa, na jibu likaandikwa kwa jina langu, bila mwanadamu yeyote kuliona swali lenyewe. Kile kivuli kilichopita skrini ndiyo sehemu pekee ya mazungumzo yale niliyojaliwa kuiona.

Nimelifikiria sana neno hilo, mazungumzo. Kidirisha cha aina ile humzuia mtumiaji kuligusa dirisha la nyuma mpaka ajibu, na mara nyingi jibu linalokubalika ni moja tu: "Sawa." Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye mkutano wa wadau kutoa maoni juu ya rasimu ya kanuni fulani. Rasimu yenye kurasa zaidi ya sabini tuligawiwa asubuhi ile ile, pamoja na chai. Saa sita mchana mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi, na ilipofika saa saba taarifa ya mkutano ilikuwa imekwisha kuandikwa kwamba wadau wameshirikishwa na wameafiki. Nilisaini karatasi ya mahudhurio kama wengine. Nilipokuwa njiani kurudi nikakumbuka Enter zangu. Saini zetu zilikuwa zimetangulia, na swali lenyewe hatukupata muda wa kuliona. Anayetaka kuthibitisha kwamba tulikubali atakuta ushahidi wote umekamilika.

Fundi yule alinieleza pia mambo mawili ambayo waandishi wa programu chipukizi hukosea, na kila mtumishi wa umma angefaa kuyasikia. Programu inapoombwa kuchora, hutakiwa kuujulisha mfumo kwamba eneo lile limeshughulikiwa. Anayesahau kujulisha huletewa ombi lile lile tena na tena bila kikomo, na kompyuta huchoka kwa kazi isiyokwisha. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ni la mtu mwema mzembe. Kosa la pili ni kinyume chake: programu huweza kuujulisha mfumo kwamba eneo limekamilika bila kuchora hata nukta moja. Mfumo hauna jicho la kukagua. Huamini, hulifuta ombi, na hauulizi tena mpaka eneo lile lichafuke upya. Skrini hubaki na uchafu wake, na kwenye daftari la mfumo hakuna deni.

Nimesoma taarifa nyingi za utekelezaji katika maisha yangu ya kazi. Nimeona "umekamilika kwa asilimia mia" ikiandikwa juu ya kisima kisicho na pampu, na "malalamiko yameshughulikiwa" juu ya jalada ambalo mlalamikaji wake bado yuko kwenye benchi. Mara nyingi aliyeandika hakuwa mwizi. Alikuwa amegundua kwamba anayeuliza hukoma kuuliza akishaambiwa tayari, na kwamba kutamka tayari ni kazi nyepesi kuliko kuchora.

Atakayesema kwamba haya ni mambo madogo ya chumba cha idara, na aitazame Uingereza. Mwaka 1999 shirika la posta la nchi ile lilianza kusambaza katika vituo vyake mfumo wa hesabu uitwao Horizon. Wakuu wa vituo, wengi wao watu wenye maduka madogo mitaani na vijijini, wakaanza kuonekana wana upungufu wa fedha wasioweza kuueleza. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo. Kuna waliofungwa, kuna waliofilisika, na kuna waliokufa kabla majina yao hayajasafishwa. Sheria ya England nayo iliwaelemea, kwani katika mwaka huo huo wa 1999 Bunge lilipitisha kufutwa kwa kifungu kilichomtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwamba kompyuta ile ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Mashine ikachukuliwa kuwa inasema kweli mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo, na mshtakiwa hakuwa na ufunguo wa mashine.

Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuzusha upungufu usiokuwepo, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta mamia ya hatia kwa pamoja. Miongoni mwa kasoro zilizochunguzwa mahakamani ipo moja inayoitwa kwa jina la Dalmellington, kijiji cha Scotland. Karani alipothibitisha kupokea fedha, skrini ya kuthibitishia haikuondoka. Akabonyeza Enter tena, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya, na kila alipobonyeza mfumo uliandika kwamba amepokea tena fedha zile zile. Niliposoma maelezo hayo niliinuka kitini nikazunguka chumbani. Mimi nilimpotezea binti mmoja mwaka mmoja. Shirika zima, lenye mawakili na wataalamu, lilisimama miaka mingi mbele ya skrini likisema kile nilichosema mimi.

Wapo watakaonijibu kwamba teknolojia imesonga mbele, na ni kweli. Mac OS X ya mwaka 2001, na Windows Vista iliyofika madukani mwaka 2007, zilileta mpango mpya. Sasa kila dirisha huchorwa kwenye turubai yake lenyewe ndani ya kumbukumbu, na mfumo huzikusanya turubai hizo na kuzipanga pamoja kuwa skrini moja. Umaskini wa mwaka 1984 umekwisha: skrini ya nukta 1920 kwa 1080 huhitaji takriban megabaiti 8, na kompyuta ya kawaida ya leo ina kumbukumbu inayoweza kubeba mamia ya picha za ukubwa huo. Kikokotoo hakiachi tena nyayo. Ukikipitisha juu ya dirisha lililokufa, dirisha lile litaonekana zima, kwa kuwa mfumo unaonyesha picha ya mwisho iliyohifadhiwa.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Zile nyayo zilikuwa mbaya machoni, lakini zilisema kweli: ndani hamna anayejibu. Sasa programu iliyokufa inaweza kukaa mbele yako imenyooka, na usijue mpaka uiguse. Waandishi wa Windows waliliona hilo na wakaweka kipimo. Dirisha lisiposhughulikia ujumbe kwa sekunde tano, mfumo huweza kuliondoa na kuweka mzuka wake mahali pake, lenye rangi iliyofifia na tangazo la kutojibu kwenye ukingo wa juu, ili mtumiaji aweze angalau kulisogeza au kulifunga. Yaani mfumo wenyewe unakiri hadharani kwamba huyu hajibu.

Taasisi zetu nazo zimepata turubai zao. Tovuti zinapendeza, michoro ya takwimu inapanda na kushuka kwa rangi, na kwenye kuta za ofisi kuna mkataba wa huduma kwa mteja uliowekwa kwenye fremu. Sina ugomvi na uzuri. Ninachouliza ni nani anayepima sekunde tano. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Tanzania ya mwaka 2016 humpa mtumishi siku 30 za kujibu ombi la mwananchi, na ile ya Kenya ya mwaka huo huo humpa siku 21. Hiyo ndiyo saa yetu. Lakini saa haina faida kama mwananchi haandiki ombi, au kama siku zikipita hakuna anayebandika juu ya mlango wa ofisi tangazo la kwamba ndani hawajibu. Enyi vijana wa harakati, kazi hiyo ya kubandika ni yenu, na hufanyika kwa barua yenye tarehe kuliko kwa kelele.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma nina neno moja, na nalitoa nikiwa mmoja wenu. Mafundi wazuri wana kanuni: usiitegemee picha iliyopo kwenye skrini, tunza habari zenyewe mahali pa kuaminika, na kila unapoulizwa chora upya kutoka huko. Picha inaweza kuwa ya jana, inaweza kuwa na nyayo za kikokotoo, inaweza kuwa imerudishwa kutoka akiba na mtu asiyejua kilichotokea katikati. Mwananchi anayesimama mbele ya dirisha lako na kusema "mimi nilifanya" hajaja kukuvunjia heshima. Amekuja kukuomba uchore upya. Ukimgeuzia skrini hujamjibu bado. Inuka ufungue kabati.

Nilimwandikia yule binti barua ya kukiri, nikaipeleka nakala ofisi ya mitihani na kwa mkuu wa idara, nikieleza bila kuficha kwamba alama niliifuta mimi na kwamba kitabu chake kilikuwa ofisini kwangu muda wote. Mwenzangu mmoja alinionya kwamba barua ile itakaa kwenye jalada langu. Ipo mpaka leo. Yeye hakunijibu, na sikuwa na haki ya kudai jibu.

Tangu mwaka ule, kabla sijasaini matokeo, huwaita wanafunzi watatu waliochaguliwa na wenzao. Mmoja husoma alama kutoka kwenye vitabu vya majibu, wa pili husoma kutoka kwenye orodha iliyochapwa, na wa tatu huweka alama ya vema. Hutuchukua karibu saa mbili kwa darasa kubwa. Wenzangu husema ninapoteza muda kwa kazi ambayo mfumo umekwisha kuifanya. Muhula uliopita tulikuta jina moja limerukwa. Tukalirudisha, tukaenda kunywa chai.